Tecno, Samsung, Redmi au iPhone? Zifahamu simu kabla hujatoa hela

Kila tukifungua laini za simu asubuhi na mada ikagusa simu, swali huwa lile lile: "Mtangazaji, ninunue ipi?" Ni swali gumu kulijibu kwa dakika tatu kabla ya taarifa ya habari, na ndiyo sababu ya makala haya. Lililotusukuma zaidi ni simu ya mama mmoja anayeuza dagaa Ukerewe. Alinunua "Samsung" kwa kijana mmoja stendi, ikiwa na boksi lake na chaja yake. Ilidumu siku kumi na tisa. Pesa zake zilikuwa kwenye laini, hizo alizipata. Namba za wateja wake wa Mwanza na Shinyanga zilikuwa kwenye simu, hizo zilienda nayo. Fundi alipoifungua alimwambia ndani hakuna kitu cha Samsung hata kimoja.

Kwa hiyo tutazungumza kampuni na simu zao, lakini mama yule tunaye kichwani.

Majina matatu, mwenye mali mmoja

Watu hubishana vijiweni kama Tecno ni bora kuliko Infinix, au itel ni ya watu wa hali ya chini. Ukweli ni kwamba zote tatu ni za kampuni moja, Transsion, yenye makao yake Shenzhen, China, iliyoanzishwa mwaka 2006. Ni kampuni inayoongoza kwa mauzo ya simu Afrika. itel inamlenga mwenye bajeti ndogo, Tecno inakaa katikati, Infinix inawatafuta vijana wa michezo na chaji ya haraka. Hata kituo cha matengenezo ni kimoja kwa zote tatu, Carlcare.

Mafanikio yao hayakutokana na bei peke yake. Miaka ile kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali, na kila mtu alitembea na laini mbili tatu akibadilisha kwa ukucha. Transsion wakaleta simu za laini mbili wakati Nokia wamelala. Wakatengeneza kamera zinazoonyesha vizuri sura ya mtu mweusi, ambayo kwenye simu nyingi za zamani ilitoka kama kivuli chenye meno. Wakaweka betri kubwa, kwa sababu walijua umeme wetu. Mwaka 2011 wakafungua kiwanda Ethiopia.

Lakini si sifa tupu. Mwaka 2020 watafiti wa usalama wa mitandao walibaini kwamba baadhi ya simu aina ya Tecno W2 zilizouzwa Afrika zilitoka na virusi ndani, vikimwandikisha mtumiaji huduma za kulipia na kumla salio bila yeye kugusa kitu. Transsion walisema kosa lilifanywa na mshirika katika mnyororo wa uzalishaji, na kwamba walishatoa marekebisho. Tatizo la pili ni la kila siku: simu zao za bei ya chini hazipati masasisho kwa muda mrefu. Ile uliyoinunua ndiyo utakayobaki nayo.

Nokia na vitochi

Mwenye umri wetu hawezi kuandika makala ya simu akairuka Nokia. Nokia 3310 ilitangazwa mwaka 2000. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003, ikiwa na tochi na vibonyezo visivyoingiza vumbi, na ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Jina "kitochi" tunalotumia mpaka leo linatokana na simu za namna hiyo.

Nokia waliangushwa na simujanja. Microsoft wakanunua biashara yao ya simu mwaka 2014, ikawashinda. Tangu 2016 jina likawa linatumiwa kwa leseni na kampuni nyingine ya Finland, HMD. Ukiona Nokia mpya dukani, jina ndilo la zamani lakini kampuni si ile iliyokutengenezea 3310. Hata hivyo kitochi, kiwe Nokia, itel au Tecno, bado ni simu ya maana: inapiga, inapokea, inatuma pesa, na chaji inakaa siku kadhaa. Wavuvi wengi tunaoongea nao wana simujanja nyumbani na kitochi ziwani.

Samsung na suala la masasisho

Samsung ya Korea Kusini inauza simu za aina nyingi, na hapo ndipo watu hujichanganya. Galaxy S ni za bei ya juu, Galaxy A ni za watu wa kawaida. Galaxy A yenye namba ndogo, kama A05 au A06, kwa kasi haiizidi sana Tecno ya bei hiyo hiyo, na mara nyingine inazidiwa. Anayekuambia Samsung ni Samsung tu, anauza jina.

Samsung inapoongoza ni masasisho. Galaxy S24 iliyotoka mwaka 2024 iliahidiwa miaka saba, na A16 ya mwaka huo huo ikaahidiwa sita. Wengi hudhani hilo ni la wataalamu tu. Sivyo. Mwanzoni mwa 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu zenye Android iliyo chini ya toleo la 5. Simu hizo zilikuwa nzima, kioo safi, lakini kwa mfanyabiashara anayepokea oda kwa WhatsApp ziligeuka saa ya ukutani.

Kuhusu Wachina wengine tutasema kwa ufupi. Redmi ni ya Xiaomi, kampuni iliyoanza mwaka 2010, na kwa bei ile ile mara nyingi unapata uwezo mkubwa kidogo. Uvumilie tu matangazo yanayojitokeza ndani ya programu zake. Oppo na Vivo zina kamera nzuri. Huawei zilizotoka baada ya vikwazo vya Marekani vya 2019 hazina huduma za Google, kwa hiyo hakuna Play Store ya kawaida. Muuzaji hatakuambia.

iPhone ya mtumba

iPhone mpya ni hela ya bati za nyumba nzima, kwa hiyo nyingi tunazoziona mtaani zimeshatumika kwingine, zimepitia Dubai, zikasafishwa zikauzwa tena. Si jambo baya. iPhone hupata masasisho miaka mingi na haipotezi bei haraka. Ila kuna mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza ni umri. Tangu Mei 2025 WhatsApp haifanyi kazi kwenye iPhone 6 na zilizo chini yake, na bado zinauzwa. La pili ni akaunti ya mwenye nayo wa mwanzo. Tangu 2013 Apple waliweka kufuli linalofunga simu kwenye akaunti hiyo, na fundi wa mtaani hawezi kulifungua kihalali. Mwambie muuzaji aifute simu mbele yako na kuiwasha upya. Ikidai barua pepe ya mtu mwingine, irudishe mezani. Kisha ingia kwenye mipangilio ya betri usome asilimia ya afya yake. Ikiwa chini ya 80, weka bei ya betri mpya kwenye hesabu zako.

Namba za kwenye boksi

Kampuni nyingi sasa huandika RAM kwa hesabu ya kujumlisha. "8GB" kwenye boksi, ukisoma maandishi madogo unakuta 4 ni RAM halisi na 4 ni nafasi ya kuhifadhia iliyoazimwa. Nafasi hiyo ni ya polepole kuliko RAM, kwa hiyo haikupi simu ya 8GB. Uliza RAM halisi. Kwa mtu wa WhatsApp, huduma za benki na video kidogo, 4GB halisi ndipo tungeanzia. Ya 2GB itakukera kabla mwaka haujaisha.

Megapikseli nazo zisikuzuzue. Kamera ya 50 kwenye simu ya bei ya chini inaweza kushindwa na ya 12 kwenye iPhone, kwa sababu picha inategemea pia ukubwa wa kihisi, lenzi na programu inayoichakata.

Sasa jambo letu, ambalo maduka hawalitaji: redio. Simu nyingi za itel, Tecno, Infinix na vitochi zina redio ya FM, isiyokula bando hata kidogo. Nyingine zinahitaji waya wa earphone kwa sababu waya huo ndio antena. iPhone hazina redio ya FM, na Galaxy S nyingi za karibuni hazina pia. Ukitaka kutusikia unalipia bando. Tunakiri tuna maslahi hapa. Lakini siku ziwa limechafuka na mtandao umekatika, FM hubaki hewani, na mwenye mtumbwi anajua maana yake.

Kabla hujatoa hela

Simu ya mama wa Ukerewe ingekamatwa kwa dakika mbili. Bonyeza *#06#, namba ya IMEI yenye tarakimu 15 itatokea kwenye kioo. Ilinganishe na ya kwenye boksi. Kisha itume kama ujumbe mfupi kwenda 15090, namba ya uhakiki ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Jibu litakutajia aina ya simu. Ukiwa umeshika "Samsung" na jibu likataja kitu kingine, ondoka. Usidhani ni mchezo: Kenya ilizifungia simu feki mwaka 2012, na hapa Tanzania zilizimwa Juni 2016, na waliokuwa nazo hawakurudishiwa hela na mtu.

Ipige simu pale pale kwa laini yako mwenyewe, washa kamera, chomeka chaja, fungua redio. Dai risiti ya mashine yenye IMEI, kwa sababu bila hiyo huna pa kuanzia dhamana wala polisi ikiibiwa. Na namba za watu zihifadhi kwenye akaunti ya Google, au ziandike kwenye daftari. Mama yetu sasa anatumia kitochi cha laini mbili alichonunua dukani, risiti ipo kwenye pochi, na daftari la namba limefungwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya ndoo ya dagaa.