Wanuri Kahiu: Mtunzi aliyekataa kubadilisha mwisho wa hadithi

MWISHO wa filamu ya Rafiki hauna makuu. Msichana aitwaye Kena, baada ya miaka ya kutengana na mwenzake Ziki, anaguswa begani na kugeuka. Basi. Lakini mguso huo ndio uliomfikisha mtunzi na mwelekezi wake, Wanuri Kahiu, mahakamani. Kwa maelezo yake, Bodi ya Kuainisha Filamu Nchini (KFCB) ilimtaka aubadilishe mwisho huo ili Kena aonekane akijuta. Akakataa, na mnamo Aprili 2018 filamu ikapigwa marufuku.

Bi Kahiu alizaliwa jijini Nairobi mwaka 1980. Alisomea Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, kisha akajifunza utengenezaji wa filamu katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Filamu yake ya kwanza ndefu, From a Whisper (2008), ilihusu shambulio la bomu la Agosti 7, 1998 jijini Nairobi, nayo ikamtunukia tuzo ya mwelekezi bora barani Afrika mwaka 2009.

Hata hivyo, makao yake halisi ni katika hadithi za kubuni mambo yasiyokuwapo. Pumzi (2009), filamu fupi ya dakika zipatazo 20, inasimulia Afrika Mashariki iliyokauka baada ya vita vya tatu vya dunia, ambavyo vilipiganiwa maji. Watu wamefungiwa ndani ya jengo kubwa, jasho na mkojo wao husafishwa wakanywa tena, na anayeota ndoto hupewa dawa ya kuizima. Asha, mtunzaji wa makavazi, anapokea udongo wenye unyevu, anapanda mbegu ndani yake, kisha anatoroka kwenda jangwani kuutafuta mti aliouota. Maji ya mwisho aliyo nayo anayamimina kwenye mche, si kinywani mwake.

Wapo waliodhani utunzi wa aina hii umeletwa na meli kutoka Marekani. Msomaji wa Kisii au Nyamira hana haja ya kudanganywa hivyo. Wazee wa Abagusii wamesimulia kwa vizazi habari za mwaguzi Sakawa, ambaye inasemekana alitabiri kuja kwa wazungu na kuonyesha mahali ambapo majengo ya mji wa Getembe, yaani Kisii ya leo, yangesimama. Kuiona kesho kabla haijafika ni kazi ya kale katika nchi hii. Bi Kahiu ameitwalia kamera tu.

Rafiki haikutoka kichwani mwake pekee. Chimbuko lake ni Jambula Tree, hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, kuhusu wasichana Anyango na Sanyu wanaopendana katika mtaa ambao majirani hawakosi la kusema. Hadithi hiyo ilimpatia mwandishi Tuzo ya Caine mwaka 2007, akiwa Mganda wa kwanza kuishinda. Bi Kahiu aliihamishia Nairobi, akawafanya wasichana hao kuwa mabinti wa wanasiasa wawili wanaoshindana katika uchaguzi. Jina la filamu lenyewe lina siri yake: ndilo neno ambalo wapenzi wa jinsia moja hulazimika kulitumia wanapomtambulisha mwenzao mbele za watu.

Hapa yafaa kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa. Katika mila za Abagusii, kama zile za Wakuria na Wanandi, mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume aliweza kulipa mahari na kumwoa mwanamke mwingine, ili watoto wa huyo mke wairithi boma yake. Hiyo ilikuwa ndoa ya urithi, wala haikudai mapenzi baina ya wawili hao. Kena na Ziki hawatafuti mrithi. Wanapendana, na ndipo sheria inapoingilia kati, kwa kuwa kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinaweka kifungo cha hadi miaka 14 kwa tendo linaloitwa kinyume cha maumbile.

Marufuku haikuizuia filamu kuonyeshwa Cannes, Ufaransa, Mei 2018, ikiwa ya kwanza kutoka Kenya kuteuliwa rasmi katika tamasha hilo. Nyumbani, Bi Kahiu alienda Mahakama Kuu. Mnamo Septemba 21, 2018, Jaji Wilfrida Okwany, ambaye baadaye alihudumu katika Mahakama Kuu ya Nyamira, aliisimamisha marufuku kwa siku saba ili watu wazima waitazame. Alisema hakushawishika kwamba Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha maadili yake kutikiswa na filamu moja. Kumbi za Nairobi zilifurika. Mwaka uliofuata, Samantha Mugatsia, aliyeigiza Kena, alitwaa tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la FESPACO, Burkina Faso.

Kesi yenyewe ilikuja kuamuliwa Aprili 2020, pale Jaji James Makau alipoidhinisha marufuku ya bodi. Kufikia wakati huo Bi Kahiu alikuwa ameshatajwa, pamoja na mwandishi Nnedi Okorafor, katika mpango wa kugeuza riwaya ya Octavia Butler, Wild Seed, kuwa tamthilia ya televisheni. Mwaka 2022 aliielekeza Look Both Ways ya Netflix, ambamo msichana mmoja anaishi maisha mawili tofauti kwa wakati mmoja, na hakuna bodi iliyomtaka ajute katika lolote kati ya hayo.