Chafya, Nyungu na Mtoto wa Riwayani

Nyumbani kwetu mwenye chafya zisizokoma hakupelekwa hospitali. Alifunikwa blanketi. Bibi alichemsha majani ya mkaratusi na mchaichai, akaitua sufuria mbele yako, nawe unavuta mvuke mpaka jasho likutiririke. Vumbi la kiangazi likianza tu, pua yangu haina adabu, kwa hiyo nyungu naijua vizuri. Nafuu ilikuwepo, ya saa moja hivi, kisha chafya zinarudi pale pale.

Tuliiita dawa ya kienyeji. Lakini mkaratusi wenyewe ni mgeni, asili yake ni Australia, uliletwa huku wakati wa ukoloni. Hata mwarobaini umetoka upande wa India. Ukienyeji wetu, kwa kweli, una pasipoti nyingi.

Hadithi ninayoipenda zaidi kuhusu dawa za namna hii inaanzia Misri. Kuna mmea unaitwa khella, jamaa ya karoti na giligilani. Vijiti vyake watu huchokonolea meno, mbegu zake huchemshwa kwa maumivu ya figo. Miaka ya 1940, jijini Cairo, mtafiti Anrep alishangaa kuona msaidizi wa maabara aliyekuwa akinywa khella kwa ajili ya figo anapata nafuu ya maumivu ya kifua yaliyotokana na moyo. Hakuna aliyekuwa akiyatafuta hayo! Basi wanakemia wakaifuatilia khellin, kiini cha mmea huo.

Hapo anaingia Roger Altounyan. Wapenzi wa vitabu vya watoto wanamjua pengine bila kujua. Arthur Ransome alimtumia kama kielelezo cha Roger, yule mtoto wa kiume mdogo katika *Swallows and Amazons* ya mwaka 1930. Alizaliwa Syria mwaka 1922, katika familia ya madaktari wa Aleppo, akakua na kuwa daktari mwenye pumu. Kuanzia mwaka 1956 alifanya kazi katika kampuni ya dawa Uingereza, ambako wenzake walikuwa wakitengeneza kemikali za jamii ya khellin. Altounyan alizijaribu kwenye mapafu yake mwenyewe. Anavuta dawa, halafu anavuta maji yaliyolowekwa manyoya ya simbilisi, kitu alichojua kitambana kifua, kisha anapima pumzi. Akarudia hivyo kwa miaka, mamia ya mara.

Mwaka 1965 ikapatikana kromoglikati. Haizimi shambulio lililokwisha kuanza, bali huzuia seli zisimwage histamini. Ndiyo maana hutumiwa mapema, kabla chavua au vumbi havijafika. Baadaye ikawa pia dawa ya kupuliza puani, kwa watu wa chafya kama mimi. Kifaa cha kwanza cha kuivutia kilikuwa na propela ndogo ndani, kwa sababu Altounyan alikuwa rubani wakati wa vita.

Naudhika kidogo nikifika hapa. Mwaka 2020 kujifukiza kulikuwa gumzo la Tanzania nzima, wengine wakaapa, wengine wakacheka, waliokaa na kupima walikuwa wachache mno. Nyungu haikupata Altounyan wake.

Niliwahi kumuuliza Bibi kipimo cha majani ni kiasi gani. Akanyoosha kiganja. Nilipotaka kulinganisha na changu, akakataa: "Changu, mjukuu wangu, siyo chako."