Kosa la nani?

Waliowahi kuunganisha Windows 98 na intaneti kwa laini ya simu ya mezani wanazikumbuka namba zile zilizotokea kwenye skrini muunganisho uliposhindikana: 676, 680, 691, 720. Kwa Kiswahili zote tumezoea kuziita "kosa". Nina shaka na neno hilo. Kosa lina mkosaji, na mkosaji huomba radhi.

676 ni laini kuwa na shughuli, mwingine amewahi. Nani aombe radhi? Unasubiri, unapiga tena. 680 inasema modemu haisikii mlio wa simu: waya umechomoka, au umechomekwa kwenye tundu lisilo lake, au mtu wa chumba cha pili ameinua mkono wa simu na anaongea na shangazi yake. Hiyo ni hitilafu tu. Ni 691 inayostahili kuitwa kosa, maana mara nyingi umekosea jina au nywila (kabla ya kulaumu mtandao, tazama kama hukuacha kitufe cha herufi kubwa kimewashwa).

Ile 720 ndiyo inayonifurahisha. Simu imepokewa, modemu zimeshapigiana kelele zao, lakini kompyuta mbili zimeshindwa kuafikiana itifaki ya kuzungumzia. Unafungua mipangilio ya aina ya seva, unahakikisha TCP/IP imewekewa alama ya vema. Hapa "hitilafu" inarudi kwao, kwenye Kiarabu, ambako asili yake ni kutofautiana. Nasi bado tunasema fulani na fulani wana hitilafu baina yao, bila kumaanisha kwamba wameharibika.