Grafu bila alama

Juzi programu yangu ya kupanga kazi ilizunguka usiku kucha bila kumaliza. Kuna kazi zilizokuwa zikingojana, nami nilisahau kuzitia alama zile nilizokwisha kuzipitia. Kosa la kizamani kweli!

Grafu yenye mishale ni nodi zilizounganishwa na njia za kwenda upande mmoja tu. Mwaka 1972 Robert Tarjan alionyesha jinsi ya kuipitia kwa kina: fuata mshale hadi mwisho, rudi nyuma, kila nodi uliyofika itie alama. Sasa sisi wapenzi wa Haskell tuna taabu, maana kwetu thamani ikishaundwa haibadilishwi. Utaandika alama wapi?

Mwaka 1995 David King na John Launchbury walizificha alama ndani ya kipande kidogo cha programu. Kwa nje unaona msitu wa miti tu. Moduli ya Data.Graph imejengwa juu ya kazi yao. Ni ujanja mzuri, ila alama bado zipo uvunguni.

Aliyenikosha ni Martin Erwig, 2001. Unachomoa nodi pamoja na mishale yake, unabaki na grafu ndogo zaidi. Ukiitafuta tena nodi ile, haipo, basi huwezi kuipitia mara mbili. Kasi inapungua kidogo, lakini mimi nimekubali.

Jana nikaandika upya: chomoa kila kazi isiyongoja nyingine, rudia. Zikabaki tatu, zinangojana.