Maporomoko ya chini ya bahari ni hatari iliyofichika

MAPOROMOKO ya ardhi hayatokei milimani pekee. Hata chini ya bahari, matope na mchanga uliorundikana kwa maelfu ya miaka huweza kumeguka na kuteremka kilindini kwa ghafla.

Chanzo kikuu ni tetemeko la ardhi. Vyanzo vingine ni milipuko ya volkano, gesi iliyonaswa ndani ya matope, na uzito wa udongo unaomwagwa na mito. Si lazima mteremko uwe mkali. Hata penye mwinamo mdogo ardhi huteleza.

Mnamo Novemba 18, 1929, tetemeko la ukubwa wa 7.2 lilitikisa eneo la Grand Banks, karibu na Kanada. Matope yaliyoporomoka yalikata nyaya 12 za telegrafu, huku tsunami ikiua zaidi ya watu 25 huko Newfoundland.

Papua New Guinea iliathirika zaidi Julai 17, 1998, watu zaidi ya 2,000 walipoangamia. Tetemeko lilikuwa la 7.0 tu, lakini mawimbi yalipita mita 10. Wataalamu wengi wanaamini yalikuzwa na maporomoko yaliyolifuata.

Hapo ndipo penye hatari: ukubwa wa tetemeko hautoshi kubashiri ukubwa wa wimbi, nalo huweza kufika pwani kwa dakika chache kabla ya onyo lolote kutolewa. Anayehisi mtikisiko mkali akiwa ufuoni, au kuona maji yakirudi nyuma ghafla, hana budi kukimbilia mwinuko mara moja.