Wino wa kijani na dawa ya meno: je, viliongeza sauti ya CD?

Ndugu wahitimu, munakumbuka CD ikikwama katikati ya sebene, mtu anakimbilia dawa ya meno? Ulaya na Marekani nao walikuwa na yao: karibu 1990, watu walipaka wino wa kijani kwenye ukingo wa CD, eti sauti itatulia. Bure tu! CD, iliyotolewa 1982 na Sony na Philips, inabeba namba: 44,100 kila sekunde kwa kila spika. Mashine ikizisoma sawasawa, hakuna cha kuongeza. Makosa ya mikwaruzo midogo inayasahihisha yenyewe. Dawa ya meno wakati mwingine ilisaidia kweli, kwa sababu ilisugua mkwaruzo. Hapa Komanda, mbele ya kutoa feza, tuulize: hii inarekebisha nini hasa?