Nesh: maana na asili yake

Nesh ni kivumishi cha lahaja za Kiingereza zinazozungumzwa katikati na kaskazini-magharibi mwa Uingereza, hasa katika kaunti za Derbyshire, Nottinghamshire, Staffordshire na Cheshire. Hutumiwa kwa mtu asiyeweza baridi: yule anayejitanda blanketi ilhali wenzake wamekaa na mashati. Ndani yake mna kejeli. Anayeitwa nesh haambiwi tu kwamba anahisi baridi, bali anasutwa kwamba amedeka.

Wanafunzi wengi hulidhania kuwa neno la mitaani, au neno sanifu lililoharibika. Sivyo. Ni la kale kuliko Kiingereza sanifu chenyewe. Katika Kiingereza cha Kale liliandikwa hnesce, kwa maana ya laini, -ororo au dhaifu. Sauti h iliyotangulia n ilidondoka, kama ilivyodondoka katika hnutu, "njugu", ambalo leo ni nut. Nayo sc ikawa sh, kama scip, "merikebu", lilivyogeuka ship. Kigothi, lugha ya jamii hiyohiyo ya Kijerumaniki iliyokwisha kufa, kilikuwa na hnasqus, na katika tafsiri ya Biblia ya karne ya 4 neno hilo linaeleza mavazi laini. Katika Kiingereza cha Kati, nesh na "gumu" yalitajwa pamoja kama jozi ya vinyume. Baadaye soft likatwaa nafasi hiyo katika lugha sanifu. Nesh likabaki katika lahaja, maana yake ikiwa imefinyika: kutoka ulaini wa kitu chochote hadi ulaini wa mtu mbele ya baridi.

Ugumu wa kulitafsiri unaonekana katika riwaya ya D. H. Lawrence, Sons and Lovers (1913). Morel, mchimba makaa ya mawe, anamkejeli mkewe, ambaye huzungumza Kiingereza sanifu, kwa kuziita mbavu zake nesh. Mfasiri akiandika "dhaifu", amemfanya mke mgonjwa. Akiandika "nyororo", amemsifu, maana kwetu wororo wa mwanamke ni uzuri. Kitenzi deka na vinyambuo vyake ndivyo vinavyokaribia zaidi: "mbavu zilizodekezwa", au katika mazungumzo, "Kibaridi hiki tu, umeshaanza kudeka!" Pasipo kejeli, "hawezi baridi" yatosha. Kumvisha Morel lahaja ya Kiswahili, tuseme Kimvita, nisingeshauri: msomaji atamwona Mombasa, asimwone tena mgodini.